Jua Ugonjwa Kwanza, Ndipo Upake Dawa

(Haya ni mazungumzo ya mganga mmoja wa kliniki mbele ya wazee, akina mama na vijana wa Birongo, katika nchi ya Kisii. Tumeyachapa kwa kuwa yawafaa watu wa kila mahali, wa mashambani na wa mijini.)

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wa Birongo, nawashukuru kwa kuacha majembe yenu na vikapu vyenu vya majani ya chai, mkaja kunisikiliza. Sikuja kuwatisha, wala sikuja kuuza dawa. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya nguo ile ambayo kila mtu huzaliwa nayo na huzikwa nayo, yaani ngozi.

Huenda mtu akasema, "Maradhi ya ngozi ni jambo dogo, malaria ndiyo huua watu." Ni kweli kwamba ni wachache wafao kwa kuwashwa. Lakini Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wakati wowote ule watu wapatao bilioni 1.8 ulimwenguni wana ugonjwa fulani wa ngozi. Katika mwezi wa Mei, 2025, wajumbe wa mataifa waliokutana mjini Geneva walikata shauri kwamba maradhi haya yahesabiwe miongoni mwa mambo makubwa ya afya ya ulimwengu mzima. Basi jambo hili si dogo. Nami nitawaeleza kisa kimoja kionyeshacho jinsi mwasho unavyoweza kumfikisha mtoto karibu na kaburi. Katika kisa hicho mkosaji ni mimi mwenyewe.

KISA CHA MTOTO WA MIAKA SITA

Nilikuwa bado mgeni katika kazi, katika zahanati moja ndogo. Asubuhi moja mama mmoja alimleta mwanawe, umri wake yapata miaka sita, akaniambia kwamba mtoto halali usiku kwa kujikuna. Watu waliokuwa wakingoja nje walikuwa wengi. Nikautazama mkono wa mtoto kwa muda wa kupepesa jicho, nikasema, "Ni ukurutu huu." Nikampa mama bomba la dawa ya kupaka, dawa ya jamii ile iitwayo steroidi.

Siku chache baadaye mwasho ulipungua, na yule mama akanisifu mbele ya jirani zake. Nami nikajiona hodari. Lakini baada ya majuma kadhaa alirudi, na safari hii hakuwa na sifa. Vipele vilikuwa vimetapakaa tumboni, kiunoni na makalioni mwa mtoto, na penye kucha zake palikuwa na vidonda vyenye usaha. Zaidi ya hayo, uso wake ulikuwa ukivimba kila asubuhi, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Hapo ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: "Mama, ni nani mwingine nyumbani anayejikuna?" Akajibu bila kusita, "Sote, daktari. Hata huyu ninayemnyonyesha."

Ndugu zangu, ule haukuwa ukurutu. Ulikuwa upele. Dawa yangu ilituliza mwasho tu, na huku wadudu wakazidi kuzaana chini yake. Mtoto akaendelea kujikuna, vijidudu vingine viitwavyo streptokoki vikaingia kwa njia ya michubuko, na mwili ulipokuwa ukipigana navyo mafigo yakaumia. Tulimpeleka hospitali kubwa, akalazwa, akatibiwa, akapona. Lakini tangu siku ile nimejiwekea sheria, nayo ndiyo niwaleteayo leo: hapana dawa ya ngozi kabla ya maswali manne. Nami nataka ninyi mtujue kwa maswali hayo. Mganga asiyewauliza, mwambieni wenyewe.

SWALI LA KWANZA: NI NANI MWINGINE ANAYEJIKUNA?

Upele huletwa na mdudu mdogo sana, urefu wake hata nusu ya milimita haufiki. Jike huchimba handaki katika ngozi na kutaga mayai humo. Hupenda sana kati ya vidole, katika viwiko na vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Mwasho wake huzidi usiku, mtu apatapo joto la blanketi. Mtu apatwaye mara ya kwanza aweza kukaa majuma manne hata sita kabla ya kuanza kuwashwa, na kwa muda wote huo anawaambukiza wenzake naye hana habari. Ndiyo maana upele ni ugonjwa wa nyumba, na mara nyingi huwa ni ugonjwa wa bweni zima la shule.

Wengine huona haya, wakidhani kwamba upele ni alama ya uchafu. Mdudu huyu hachagui. Huhama kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda, na watoto walalao watatu katika kitanda kimoja humgawana hata kama wameoga kwa sabuni. Wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 ulimwenguni wana upele, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Kwa hiyo ondoeni haya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Dawa zake zipo: benzili benzoeti ya kupaka, ambayo kwa watoto hupunguzwa nguvu kama mganga atakavyoagiza, permethrini ya kupaka, na vidonge vya ivermektini, ambavyo mama mjamzito na mtoto mdogo hawapewi. Lakini shida kubwa haiko katika dawa; iko katika jinsi tunavyoitumia. Sikilizeni vema:

Kwanza, watu wote wa nyumba watibiwe siku moja, hata yule asiyejikuna. Ukimtibu mtoto mmoja na kuwaacha nduguze, atapata tena kabla ya mwezi kwisha.

Pili, dawa ya kupaka ipakwe mwili mzima tangu shingoni hadi nyayoni, kati ya vidole na chini ya kucha. Usiipake penye vipele tu. Mtoto mchanga hupakwa hata kichwani, kwa maagizo ya mganga.

Tatu, siku hiyohiyo nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichoweza kufuliwa kifungwe katika mfuko kwa muda wa juma zima, kwani mdudu huyu akiwa mbali na mwili wa mtu hufa baada ya siku chache.

Nne, dawa irudiwe kama ulivyoagizwa, na mwasho ukibaki majuma mawili au hata manne, usikimbilie kusema kwamba dawa ni mbovu. Ngozi inaendelea kulalamika juu ya mabaki ya wadudu waliokufa. Lakini vipele vipya vikitokea, rudi kwa mganga.

SWALI LA PILI: UMEKWISHA KUPAKA NINI?

Katika masoko yetu mengi huuzwa mabomba madogo ya dawa za ngozi. Mengine yana betamethasoni au klobetasoli, nazo ni steroidi zenye nguvu. Mengine yamechanganywa dawa tatu ndani ya bomba moja: ya kutuliza mwasho, ya kuua kuvu, na ya kuua bakteria. Mnunuzi hudhani kwamba, kwa kuwa kuna dawa tatu, lazima moja itapiga shabaha.

Steroidi si sumu. Kwa mgonjwa wa ukurutu, akipewa nguvu ifaayo kwa siku zifaazo, ni dawa njema sana, nami huiandika mpaka leo. Lakini ukiipaka juu ya choa, mambo hugeuka. Choa ni ugonjwa wa kuvu, nao hujulikana kwa duara lake lenye ukingo ulioinuka na magamba. Steroidi huufuta ukingo ule, mwasho hupoa, mgonjwa hufurahi, na huku kuvu yaenea kimyakimya. Mgonjwa afikapo kwetu, duara limepotea, nasi twatazama ugonjwa uliovaa nguo za ugonjwa mwingine. Tena steroidi kali ikipakwa muda mrefu, hasa usoni na penye mikunjo, huifanya ngozi iwe nyembamba, ipasuke michirizi, na kutoa chunusi.

Zaidi ya hayo, kutoka Bara Hindi imeenea aina ya kuvu iitwayo Trichophyton indotineae, ambayo mara nyingi haisikii terbinafini, dawa tuliyoitegemea sana. Wataalamu waona kwamba mabomba yale ya mchanganyiko, yapakwayo ovyo, yamesaidia kuikuza. Kwa hiyo jambo afanyalo mtu mmoja penye kioo chake laweza kuharibu dawa ya wengi.

Neno juu ya mapunye ya watoto wa shule. Mama huona mabaka kichwani, nywele zimekatika, naye hununua dawa ya kupaka. Anapaka mwezi, anapaka miezi miwili, na mapunye yapo palepale. Sababu ni hii: kuvu ya kichwani imo ndani ya nywele na mizizi yake, ambako dawa ya kupaka haifiki. Yahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma sita hata manane au zaidi, na humezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vema. Nanyi vinyozi, safisheni mashine zenu kwa dawa baada ya kila kichwa.

Na ninyi mpakao dawa za kung'arisha ngozi, sitawahubiria. Nitawaambia tu kwamba nyingine zina zebaki, madini yaumizayo mafigo. Chini ya Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, mataifa yaliyoungana nao yamekubaliana kuviondoa sokoni vipodozi vya namna hiyo. Kopo lisiloandikwa yaliyomo ndani yake, msiliamini.

Basi mjapo zahanatini, leteni kila kitu mlichopaka: bomba, kopo, hata majani ya miti shamba. Msiogope kukemewa. Wazee wetu wa Gusii walikuwa na mafundi wa kufungua fuvu la kichwa, ambao habari zao zimefika hata ng'ambo. Fundi wa kazi ile hakukata bila kwanza kumwuliza mgonjwa alipigwa wapi na anaumwa wapi. Kama mtu wa kisu aliuliza kwanza, itakuwaje mtu wa bomba la dawa asiulize?

SWALI LA TATU: JE, BAKA HILI LASIKIA?

Liko baka moja ambalo haliwashi wala haliumi, na kwa sababu hiyo watu hulipuuza. Ni baka lililopauka kuliko ngozi iliyo kando yake, au lenye wekundu wa shaba. Ukiligusa kwa uzi wa pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho, hasikii kitu. Baka lenye ganzi ni lazima lidhaniwe kuwa ukoma mpaka ithibitishwe kuwa silo.

Najua jina hili latisha. Lakini jueni mambo haya. Ukoma si laana wala si urithi. Mwaka 1873 daktari Hansen, wa mji wa Bergen katika Norway, aligundua bakteria auletaye. Dawa zake za mchanganyiko hutolewa bure ulimwenguni tangu mwaka 1995, na mgonjwa huzimeza miezi sita au kumi na miwili, kulingana na hali yake. Akianza kuzimeza tu, kwa muda mfupi haambukizi tena, na aweza kuishi na jamaa zake bila shaka yoyote. Hatari iliyobaki ni kuchelewa. Katika Kenya ugonjwa huu umekuwa wa nadra, na kitu cha nadra hata waganga husahau kukitafuta. Mgonjwa huzungushwa, leo dawa ya choa, kesho dawa ya mba, huku mishipa ya fahamu yafa, na vidole vilivyokufa ganzi havirudishwi na kidonge chochote.

SWALI LA NNE: RANGI YA NGOZI HII IKOJE SIKU ZOTE?

Swali hili twajiuliza sisi waganga. Kwa miaka mingi picha nyingi za vitabu tulivyosomea zilikuwa za ngozi za Wazungu. Kitabu husema, "Tafuta wekundu." Lakini wekundu juu ya ngozi nyeusi huonekana kama zambarau, au kijivu, au weusi uliozidi, na mara nyingine hauonekani kabisa isipokuwa kwa kugusa joto lake. Mganga atafutaye wekundu wa kitabu atasema hapana ugonjwa, na ugonjwa upo. Mwaka 2020 mwanafunzi mmoja wa udaktari katika London, Malone Mukwende, alitoa pamoja na walimu wake kitabu cha picha za dalili juu ya ngozi nyeusi na za kahawia. Nasi wa Afrika ya Mashariki tuna chuo chetu cha ngozi mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu mwaka 1992 kimewafundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika kazi hii juu ya ngozi zetu wenyewe.

Ninyi ndio mjuao rangi ya watoto wenu. Mama akisema, "Mwanangu siku zote si hivi," huo ni ushahidi, nasi twapaswa kuuandika.

Tena, ngozi nyeusi ikipona huacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi mingi. Wengi hudhani kwamba ugonjwa bado upo, wakazidi kupaka dawa kali. Alama si ugonjwa. Iacheni, wakati utaiondoa, au kuipunguza.

Juu ya saratani, tazameni nyayo. Saratani ya doa jeusi kwetu sisi mara nyingi huanza mahali pasipo na weusi mwingi, yaani katika nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwimbaji Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36 tu, kwa saratani iliyoanzia katika kidole cha mguu. Doa jipya likuaalo, au kidonda kisichopona mwezi hata mwezi, hakitaki dawa ya kupaka. Chataka kukatwa kipande na kupimwa.

Na wenzetu wenye ualbino wana haki ya kutajwa leo. Birongo ni mahali pa juu, hewa yake baridi, na watu hudhani kwamba jua la hapa ni pole. Sivyo. Kadiri nchi inavyoinuka ndivyo miale ichomayo ngozi inavyozidi, hata ikiwa baridi. Mtoto mwenye ualbino apewe kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, na mwalimu asimweke uwanjani wakati wa jua kali. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa mafuta hayo, waandikisheni. Ngozi yao ikaguliwe mara kwa mara, kwani saratani iliyoonwa mapema hukatwa ikaisha.

LA KUFANYA

Madaktari bingwa wa ngozi katika nchi yetu ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na katika miji mikubwa. Hatuwezi kukaa tukiwangoja. Lakini mambo mengi yawezekana papa hapa. Upele hutambuliwa kwa macho na maswali. Choa huthibitishwa kwa kukwangua magamba kidogo, kuyatia dawa na kuyatazama kwa hadubini. Kazi hiyo ni ya dakika chache wala haina maumivu. Ganzi hupimwa kwa uzi wa pamba. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwaandaa nchi nzima mwaka 2023, hupita majumbani, waulizeni. Yatushindayo sisi twayapeleka katika Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.

Lakini msingoje hata siku moja mkiona haya: vipele pamoja na homa na tezi zilizovimba, kwani ndui ya nyani iliingia Kenya mwezi wa Julai, 2024, kwa mpaka wa Taveta, ngozi inayobabuka au midomo yenye vidonda baada ya kumeza dawa, mkanda wa jeshi karibu na jicho, na mtoto mwenye vidonda ambaye uso wake wavimba au mkojo wake umegeuka rangi. Hilo la mwisho mnajua kwa nini nalitaja.

Mtu mmoja ataniuliza, "Bwana daktari, bomba la dukani nalipata upesi kwa fedha kidogo, na zahanatini nitapoteza siku nzima ya kuchuma chai. Nifanye nini?" Ni swali la haki. Nami najibu kwa hesabu. Yule mama wa kisa changu alipoteza siku moja ya kazi kwangu, nami nikaiharibu kwa kutouliza. Kisha alikaa majuma kando ya kitanda cha mwanawe, shamba likamea magugu. Swali moja la nusu dakika lingaliokoa yote hayo. Basi mkija kwetu, dai swali lako. Na mkienda dukani, mwambieni mwenye duka vivyo hivyo: "Kabla hujaniuzia, niulize."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ngozi ndiyo ukuta wa mwili.

Leo jioni, kabla ya kulala, watazameni watoto wenu vidoleni.